Kompyuta Iliyofika Magwagwa

Kwetu Kisii, mtoto akirudi kutoka ng'ambo hafungui begi lake mwenyewe. Hulifungua mama, pale sebuleni, mashangazi na mama wadogo wakiwa wameketi, na kila kitu hupata mwenyewe papo hapo. Ndiyo maana dada yangu alipoamka, uchovu wa ndege ungali machoni, kompyuta yake ya kazini ilikuwa imeshaenda kijijini Magwagwa na mama mdogo, ikatumike kwa nyimbo za kwaya.

Mimi nilicheka. Dada hakucheka hata kidogo. Kule anakoishi, ambako siku hizi ni raia, yeye ni mhandisi katika kiwanda cha kamera za droni za jeshi. Aliposikia baba amelazwa alikuja mbio, akaibeba kompyuta bila kuomba ruhusa, michoro yote ikiwa ndani. Alinieleza sheria ya huko huku akivaa viatu: michoro ile ikivuka mpaka na kufika mikononi mwa asiye raia, anaweza kushtakiwa kwa kuiba siri za kijeshi, pengine hata ujasusi. Angeweza kufungwa miaka mingi. Nilipandwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Tulichukua pikipiki hadi Magwagwa. Mama mdogo alikuwa ameiweka juu ya kabati na kuifunika kitambaa cha kufuma. Hakuwa ameiwasha. Aliirudisha shingo upande.

"Hata kama, moiseke, binti yangu," alimwambia dada. "Mtu hupewa kitu halafu ananyang'anywa?"

Njiani nilimshauri dada anyamaze tu, nani angejua? Akasema akinyamaza ndipo atakuwa mwizi kweli. Tulipofika nyumbani alipiga simu kazini akiwa jikoni, mama akichambua mboga za managu kando yake. Waliuliza kama kuna mtu asiye raia wa kwao aliyeishika. Dada alimtazama mama. Kisha akajibu kwa Kiingereza kwamba ndiyo, akawatajia jina la mama na la mama mdogo, herufi moja moja. Niliumia kumsikia.

Alipokata simu mama aliuliza, "Umewaambia ilikuwa na nani?"

"Nimewaambia ni wewe na mama mdogo."

"Vizuri," mama akasema, akarudi kwenye managu yake. "Sasa wamejua haikutoka nje ya familia."