Shikamoo Isiyokuwamo Kitabuni

Jambo hili lilitokea. Naliandika kwa sababu imesemwa, tena na watu ninaowaheshimu, kwamba siku ile nilisinzia. Sikusinzia. Nilitumikia Ofisi ya Msajili mjini Morogoro miaka thelathini na minne nikiandika vizazi na vifo, wala sijapata kuandika jambo lisilo na shahidi. Basi nisikilize hadi mwisho, kisha uamue mwenyewe.

Nilipostaafu, binti yangu Rehema, ambaye ni muuguzi, alinichukua nikaishi naye ughaibuni, Thamesmead. Wajukuu nawasemesha Kiswahili, wananijibu kwa Kiingereza. Ili nisishinde dirishani nikitazama mabasi, Rehema alinipeleka kwenye kikundi cha maigizo kinachokutana katika ukumbi wa mtaa wetu. Kiongozi wake, Bi Nuala, mwalimu mstaafu mwenye asili ya Ayalandi, alitambua mara moja kazi inayonifaa: nikae pembeni mwa jukwaa na kitabu cha mchezo na taa ndogo, nimnong'oneze mchezaji anayesahau maneno. Sharti lilikuwa moja tu. Nisitamke neno lolote lisilokuwamo kitabuni. Niamini, sijapewa sharti lililonipendeza zaidi. Wenzangu waliniita Bwana Msajili, maana niliandika pia saa ya kila mmoja kuingia na kutoka.

Mchezo wenyewe ulihusu familia ya Kiayalandi ya mashambani. Baba amemfukuza mwanawe, na kwa miaka mingi jina la kijana huyo halitajwi mezani. Katika sehemu ya mwisho mlango unafunguliwa, kijana anaingia na kusema, "Nimerudi, Baba."

Sasa yanipasa nieleze habari za mwanangu Daudi, kwa kuwa bila hizo kumbukumbu hii ina pengo. Alikuwa karani chini yangu. Siku moja alibadilisha tarehe ya kuzaliwa ya mtoto yatima ili mtoto huyo apate kuandikishwa shule. Niligundua, nikaandika taarifa, naye akafukuzwa kazi. Jioni ile alikuja nyumbani, akasimama mlangoni, akaniambia, "Shikamoo, Baba." Nilikuwa na gazeti mkononi. Nikafungua ukurasa mwingine. Akaniamkia tena, akangoja, kisha akaondoka. Ikapita miaka kumi na mmoja, na muda wote huo nilimkataza Rehema kulitaja jina lake mbele yangu. Taarifa ile siijutii hata leo. Sheria ni sheria. Lakini salamu ilikuwa na kosa gani? Ilivunja kifungu kipi?

Ilikuwa Jumamosi ya mazoezi ya mwisho. Femi, dereva wa basi kutoka Nijeria aliyecheza nafasi ya mwana, alikuwa hajafika. Bi Nuala akaamua tuanze, atatukuta mbele ya safari. Tulipofikia sehemu ya mwisho, nje giza lilikwisha kuingia, kama ilivyo kawaida ya Desemba huku, ingawa ilikuwa alasiri tu. Mlango wa jukwaani ukafunguliwa. Akaingia mwanamume mwenye koti la rangi nzito na kofia iliyomfunika uso. Nikaandika: Femi, saa kumi na dakika kumi na mbili.

Alisimama kimya. Nikadhani amesahau, nikamnong'oneza maneno yake kwa Kiingereza kama yalivyo kitabuni: "Nimerudi, Baba." Akageuka. Hakumtazama baba wa mchezo aliyeketi mezani. Alinitazama mimi, kule pembeni, akasema kwa Kiswahili:

"Shikamoo, Baba."

Katika kikundi chetu hakuna ajuaye Kiswahili isipokuwa mimi. Na sauti ile niliijua. Ungekuwa wewe, ungefanya nini? Mimi, Mungu anisamehe, nilikasirika. Nilidhani Rehema amewasimulia mambo ya nyumba yangu, nao wamemfundisha Femi kunidhihaki. Nikamnong'oneza tena maneno ya kitabu, safari hii kwa ukali.

"Shikamoo, Baba."

Nikaweka kidole juu ya mstari, nikausoma mara ya tatu bila kuinua macho. Nilipoyainua, alikuwa ameinamisha kichwa, anasugua sikio la kushoto kwa kidole gumba, vile Daudi alivyofanya tangu utotoni kila alipokaripiwa. Akatoka kwa mlango ule ule. Sasa fahamu jambo hili: nyuma ya mlango ule hakuna njia. Kuna hatua moja, kisha ukuta wa matofali.

Bi Nuala akasema, "Vizuri, Femi, ila hayo maneno ya kwenu yaache." Hajamaliza, Femi akaingia kwa mlango wa mbele wa ukumbi, amelowa mvua.

"Bwana Msajili, andika kwamba treni ndiyo iliyochelewa. Mimi nilikuwa ndani yake tu."

Hakuna aliyecheka. Koti lake la mchezo lilikuwa bado ndani ya mfuko wa dobi, halijafunguliwa.

Rehema alinifuata pale pale ukumbini, simu mkononi, macho yamevimba. Daudi alikuwa amefariki hospitalini Morogoro, saa moja na robo usiku ya huko, yaani saa kumi na robo ya huku. Aliugua miezi mitatu. Rehema alijua, lakini nani alimkataza kusema?

Mke wa Daudi, mkwe ambaye sijapata kumwona, alikuwa bado kwenye simu. Alianza kwa kuniamkia. Nikaitikia kabla hajamaliza.

"Baba, alikuwa akiuamkia ukuta," akaniambia. "Mara mbili. Nikamuuliza, unamwamkia nani? Akasema, Baba. Nikamuuliza, ameitikia? Akasema, bado, anasoma."

Mchezo ulioneshwa jioni tatu. Kila jioni, Femi alipofungua mlango ule, nilinong'ona, "Marahaba, mwanangu." Neno hilo nimeliandika kitabuni kwa wino. Bi Nuala aliliona, nikamweleza maana yake, akaniambia liachwe. Katika daftari la mahudhurio nimekata jina la Femi penye saa ile, nikaandika la Daudi, nikatia saini. Hayo ndiyo masahihisho pekee niliyowahi kumfanyia.

Wewe unayesoma, kama yuko mtu aliyesimama mlangoni pako na salamu, mwitikie leo, hata kama taarifa yake utaiandika kesho. Mimi sasa huitikia kila mlango unapofunguka. Huwa ni Rehema anayerudi kazini, au upepo.