Kidole cha Bwana Mwenyewe

Mtaa mzima ulimwita Bwana Mwenyewe, na jina hilo hakupewa na mtu, alilitafuta. Bomba likivuja, "Niache, nitaziba mwenyewe." Redio ikikwaruza, huyo na bisibisi, na jioni redio imekufa kabisa, ila yeye anakwambia ilikuwa na ugonjwa wa kurithi. Kazi yake ilikuwa kukata nyasi: viwanja vya shule, bustani za hospitali, nyumba za wenye nafasi. Na kwenye nyasi, tusimwonee, hakuwa na mpinzani. Alikuwa na mashine ile ya kukalia kama trekta dogo, ya mtumba lakini ngangari, na mistari yake ilinyooka ukadhani imepigwa rula.

Aliyemkosesha raha ni shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi wa haidroli, yaani mitambo inayonyanyua kwa nguvu ya mafuta: winchi, matrekta, magari ya taka. Wawili hao wakikutana, ni utani mtindo mmoja.

"Shemeji, ile redio umeizika wapi, tuje na maua?"

"Nyamaza wewe! Mtu gani ananuka mafuta hata siku ya harusi yake?"

Mke alikuwa akicheka mpaka anajishika mbavu. Bwana Mwenyewe naye alicheka, lakini moyoni ilimchoma kidogo kila mara.

Basi asubuhi moja visu vya mashine vikakataa kunyanyuka, na chini pametapakaa mafuta. Mkewe akasema, "Mpigie kaka. Atakuja bure, soda tu inamtosha."

"Nimpigie anicheke? Nitatengeneza mwenyewe."

Tena shemeji alishamwonya, siku moja wakiwa mezani. "Ukitafuta panapovuja, pitisha kipande cha boksi, usipitishe mkono. Yale mafuta yana presha, yanatoboa ngozi kama sindano." Bwana Mwenyewe akamjibu, "Na wewe chai unywe kwa mrija, usije ukaungua." Wakacheka, yakaishia hapo.

Akawasha injini, akapiga magoti, akapitisha kidole cha shahada juu ya mpira unaopitisha mafuta, taratibu. Kitu kikamdunga. Akakitazama kidole: kitone tu, hata damu haikutoka. Akazima injini, akaufunga mpira kwa utepe na waya, akawasha tena, visu vikanyanyuka. Jamani, alivyofurahi! Akaenda kukata uwanja wa shule huku anapiga mluzi.

Adhuhuri kidole kikafa ganzi. Jioni kikavimba.

"Nini hiyo?" mkewe akauliza.

"Mwiba."

Maskini, mke akamwamini, akamchemshia maji ya chumvi akamkanda. Kulipokucha mkono mzima ulikuwa mzito, na uvimbe umepanda karibu na kiwiko.

"Mwiba gani huu? Nampigia kaka, ana gari, atupeleke hospitali."

"Usithubutu! Unataka nichekwe mpaka mwaka kesho?"

Hapo ndipo alipokipoteza kidole, kama unataka kujua. Mke alibembeleza, akanuna, akabembeleza tena, mpaka alasiri mume akaanza kutetemeka. Mke hakumsikiliza tena, akampigia kaka yake simu.

Shemeji alifika na ovaroli lake la kazini. Akaushika ule mkono, akakiona kile kitone.

"Ulipapasa mpira wa mafuta?"

Bwana Mwenyewe akainamisha kichwa.

"Lini?"

"Jana asubuhi."

Shemeji akachuchumaa mbele yake. Alimbeba mgongoni mpaka kwenye gari.

Daktari alisema mafuta yameingia ndani na kuozesha nyama. "Mngekuja hata leo asubuhi, huenda tungekiokoa." Kidole cha shahada kikakatwa, na cha katikati kikabaki kigumu, hakikunjiki. Usukani wa mashine hawezi tena kuukamata.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Alilisema mwenyewe neno hilo pale kitandani, machozi yanamtoka bila haya. Shemeji alikuwa ameketi pembeni.

"Nicheke basi, shemeji. Si ndicho nilichokuwa nakikimbia?"

Shemeji akageukia dirishani. "Mimi ndiye niliyekufanya uogope kunipigia," akasema.

Sasa kila Jumamosi shemeji huja kumkatia nyasi, wateja wasije wakamkimbia. Mpira mpya aliufunga yeye, na hakutaka hata hiyo soda. Bwana Mwenyewe hukaa kwenye kiti ukingoni mwa uwanja, mkono mapajani, anatazama. Jumamosi iliyopita mistari ilipinda vibaya, na utani ukampanda kooni kama zamani. Akafurahi mno kuusikia unakuja. Akapaza sauti:

"Shemeji! Hiyo mistari umeipiga umesinzia?"

Akangoja kujibiwa. Alikuwa na hamu ya kusimangwa: redio, kidole, chochote kile.

Shemeji akazima mashine, akashuka, akatembea mpaka pale kwenye kiti.

"Samahani, shemeji," akasema kwa upole. "Nitarudia."

Na kweli alirudia, uwanja mzima, bila kuinua kichwa.