Mwaka Ng'ombe wa Jirani Walipoingia kwenye Mbaazi

Juzi nimegombana na bwana shamba mbele ya watu. Nitakwambia kwa nini, na kama ni kunilaumu, subiri kwanza nimalize.

Alikuja hapa Gendabi na simu kubwa, akatukusanya kwenye darasa la shule, akatuonyesha video. Mahindi yako katikati ya miti, ng'ombe wanalala shambani baada ya mavuno, mtu anashika udongo mweusi unamomonyoka mkononi. Akasema hii ni teknolojia mpya. Mpya! Nikasimama. Nikamwambia kaka, hiyo bibi yangu alikuwa nayo kabla hujazaliwa, na aliyeiua ni mimi hapa. Watu wakacheka, wakadhani ni maneno yangu ya kila siku. Nikatoka nje nikakaa kwenye jiwe.

Mimi kilimo sijasomea. Nimeishia darasa la saba, mengine nimeokoteza mwenyewe kwenye redio na kwenye karatasi za mbegu. Lakini shamba la bibi yangu nalijua kwa nyayo zangu. Lilikuwa linashuka kutoka mlangoni kwake mpaka kwenye kijito, na mlima Hanang unakutazama muda wote unaolima. Katikati kulikuwa na miringaringa, miti minene yenye majani mapana. Watu walimwambia aikate, inakula nafasi. Anajibu, "Nafasi inayoliwa ni yangu, wewe tumbo linakuuma la nini?" Jua likikaza, mahindi ya chini ya ile miti yalikuwa ya mwisho kunyauka. Majani yalidondoka, yakaoza pale pale, na ukipiga jembe unatoa minyoo minene mpaka sisi watoto tunakimbia tukipiga kelele. Mvua ikinyesha maji yanazama. Husikii yakitembea. Unaweka mguu, unaingia mpaka kwenye kifundo, na inapanda harufu fulani ambayo nikiisikia leo nasimama njiani kama mjinga.

Asubuhi kazi yangu ilikuwa kuzoa samadi, maana ng'ombe wetu watatu walilala ndani, upande mmoja wa nyumba ile ile tuliyolala. Nazoa kwa mikono, napeleka shambani kwa karai, narudi nakuta bibi anatikisa maziwa kwenye kibuyu na makande yanachemka. Ila ng'ombe watatu hawawezi kulisha shamba zima. Shamba lile lilishibishwa na jirani.

Jirani alikuwa Mbarbaig, mfugaji, anakaa ng'ambo ya kilima na ng'ombe ambao sikuwahi kuwamaliza kuwahesabu. Sisi ni Wairaqw. Bibi hajui lugha yake, yeye hajui ya kwetu, basi Kiswahili kikawa katikati yao, na wote wawili wanakivunja vunja vizuri tu. Alimwita bibi "mama". Mimi nikimwona nasema shikamoo, ananiwekea mkono kichwani, "Marahaba. Umekula?" Kila mwaka, mavuno yakiisha, ng'ombe wake walikuja kula mabua kwetu, na wakalala humo humo shambani kwenye boma la miba ambalo vijana wake walilihamisha kila baada ya siku chache, mpaka hakuna kona iliyokosa samadi na mkojo. Yeye anapata malisho, sisi tunapata mbolea. Hakuna aliyemlipa mwenzake.

Na hawakuitana kwa maneno. Mlango wa shamba ulizibwa kwa tawi kubwa la mgunga, lenye miba mirefu. Tawi likiwa mlangoni, bado. Bibi akilivuta pembeni, maana yake karibuni. Jirani anaona kutoka kilimani, siku hiyo hiyo analeta ng'ombe. Basi.

Sasa mwaka ule nilikuwa na kama miaka kumi, na bibi alikuwa ameanza kusahau. Nilijua mimi peke yangu. Alitia chumvi kwenye makande mara mbili, mimi nikamwaga mchuzi nikaongeza maji kabla baba mdogo hajaja kula. Aliniita jina la shangazi, nikaitika. Baba mdogo alikuwa anatafuta sababu. Alitaka shamba lile akodishe watu wa trekta, na trekta haipiti kwenye miti. Kila akija, "Mama umechoka, niachie mimi." Nikaapa moyoni kwamba kwangu hatapata sababu. Ungenichoma na kaa la moto nisingesema.

Mahindi tulishayavuna. Mbaazi bado, kwa sababu mbaazi tunazipanda katikati ya mahindi na zinachelewa, zinabaki peke yake shambani na maganda yake yanaanza tu kukauka. Ile ndiyo ilikuwa mboga yetu, na ndiyo ya kuuza Katesh tupate sare na daftari. Asubuhi moja tulipakia magunia ya mwisho ya mahindi kwenye punda twende kupukuchua kwa mashine. Bibi akavuta tawi pembeni punda apite. Punda akapita. Bibi akaendelea kutembea.

Nikamwambia, "Bibi, lango."

"Nimefunga."

"Bibi, hujafunga, liko pembeni pale."

Akasimama. Akanigeukia, na ule uso sikuwahi kuuona. "Na wewe? Na wewe unaniona nimezeeka? Umetumwa na baba yako mdogo?"

Hatua ishirini tu, rafiki yangu. Ningerudi mbio nikavuta lile tawi, mambo yakaisha. Lakini kurudi ilikuwa kumwonyesha kwamba kweli, amezeeka. Nikashika kamba ya punda tukaenda.

Tulirudi mchana. Kelele tulizisikia kabla hatujafika. Mbaazi hakuna. Zimebaki vijiti, na ng'ombe wamesimama chini ya miringaringa wanacheua kama wamekaribishwa harusini, na kweli walikaribishwa. Baba mdogo amekuja na wanaume wa kwetu, marungu mkononi. Vijana wa jirani wamesimama mbele ya ng'ombe wao na mikuki. Katikati mwenyekiti wa kitongoji, amenyanyua mikono yote miwili, jasho linamtoka.

"Wezi wa mchana!" baba mdogo anapiga kelele. "Mnakula jasho la mjane!"

"Lango lilikuwa wazi," kijana mmoja akajibu. "Sisi hatuvunji."

"Mmelivuta wenyewe!"

"Rudia hiyo uone."

Mwenyekiti akasema, "Hakuna wa kurudia kitu. Mama, wewe ndiye mwenye shamba. Lango ulifunga?"

Bibi akanyoosha mgongo. "Nilifunga. Kwa mikono yangu."

Na hakudanganya, nielewe hapo. Kichwani mwake alikuwa amefunga. Vijana wakaanza kunung'unika, mmoja akasogea, wanaume wa kwetu nao wakasogea, nikaona kabisa kwamba leo mtu anakufa kwa ajili ya mbaazi. Ndipo jirani mwenyewe akafika, anahema, amekimbia kilima chote. Hakumwangalia baba mdogo hata kidogo. Aliangalia lile tawi, akamwangalia bibi, kisha mimi.

"Mtoto alikuwepo," akasema. "Aseme yeye. Nitakubali."

Hata ng'ombe nahisi waliacha kutafuna. Baba mdogo ananitazama, anasubiri. Nikisema ukweli, bibi ni mzee asiyejua hata kama amefunga lango, na kesho trekta iko hapa. Nikisema uongo, huyu mzee anayeniuliza kila siku kama nimekula anakuwa mwizi mbele ya watoto wake.

Nikasema, "Bibi alifunga. Niliona."

Jirani akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea salamu za msiba. Akawaambia vijana wake jambo kwa lugha yao, mmoja akachomoka kubisha, akamkatiza kwa neno moja. Mikuki ikashuka. Akachagua mtamba mmoja, mweupe mwenye madoa, akamfunga kwenye mringaringa. "Huyu ni wa mbaazi. Mama, samahani." Wakaondoka na ng'ombe wao. Bibi alibaki anamwangalia yule mtamba, akaniuliza, "Wanakwenda wapi? Mbona hawajalala?"

Hawakulala tena kwetu. Mwaka ule hawakurudi, wala uliofuata. Nilijiambia nitakwenda kumwambia jirani ukweli nikikua kidogo. Mwaka wa kwanza shamba liliishi kwa akiba yake, mahindi yakatoka, nikajidanganya kwamba hakuna kilichoharibika. Wa pili yakapungua. Wa tatu kikaja kiduha, lile gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mahindi kwenye udongo uliochoka, na sikuwahi kuliona kwetu kabla. Baba mdogo akasema si mnaona, miti hiyo. Akakata miringaringa, akapasua mbao, trekta ikaingia. Mvua ikaanza kusikika ikitembea. Ilitembea na udongo wetu mpaka kijitoni, mwekundu kama damu ya kuku, na mahali nilipokimbia minyoo pakawa na korongo linaloweza kuficha ndama.

Nilipofika miaka kumi na saba ndipo nikapanda kile kilima. Nilikuwa nimepanga maneno yote. Nikakuta nyumba hazipo, wamehama na hakuna aliyeniambia walikoelekea. Pamebaki duara la zizi lao. Nisikilize vizuri: nje ya lile duara nyasi fupi, zimekauka. Ndani, mchicha umenifika kiunoni, na udongo ni mweusi vile vile, laini vile vile, mguu unazama. Nikapiga magoti nikalia kwa hasira, sijui hasira na nani. Nikajaza udongo kwenye kanga yangu, nikarudi nao nyumbani.

Bibi wakati huo hakutoka tena kitandani, na mimi hakunijua kwa jina. Nikamwekea ule udongo mkononi, nikaanza, "Bibi, lile lango..." Hakunisikiliza. Aliusugua kwa vidole, akaunusa. Akafumba macho akaunusa tena.

"Kumbe wamefika," akasema. "Na umekaa tu hapa? Nenda kawape maji."

Nikachukua ndoo. Nikaenda nayo mpaka katikati ya shamba, pasipo na mti wala boma wala kengele ya ng'ombe, upepo unaniparua na vumbi usoni. Nikasimama pale kwa muda ambao ng'ombe wengi wangekunywa wakatosheka. Kisha nikarudi ndani nikamwambia wamekunywa.