Mama Aliyepepesuka Katonga

Nilikuwa na miaka minane wakimbizi walipoanza kushukia Katonga, kijiji chetu cha ufukweni. Juzi mjukuu alinisomea neno la Kiingereza, stagger. Maana yake kupepesuka, na asili yake ni neno la kale la kusukuma. Nilishikwa na aibu.

Nilimkumbuka mama mmoja aliyeshuka mtumbwini na mtoto mgongoni, akipepesuka kwenye mchanga unaonuka dagaa. Mimi nilijua anayepepesuka ni mlevi tu. Nikapiga kelele, "Huyo kalewa chakari!"

Watu wakacheka. Bibi mmoja aliyekuwa anampelekea uji akageuka, akarudi na uji wake.

"Mwanangu, tangu juzi sijanywa hata maji," mama yule akaniambia.

Nikakimbia.

Leo nina nyumba mbili Rusimbi, mitumbwi mitatu na injini moja, vyote kwa jasho langu. Yule mama sikumwomba radhi, na hata jina lake silijui.