Vipara Vitano Mlangoni

Mtu akiniuliza Baba alifariki lini, siku inayonijia kwanza ni Jumamosi moja ya miaka ya hamsini, ingawa siku hiyo hakufa.

Tuliishi katika landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli pale Nakuru, chumba kimoja, na majirani wengi walitoka magharibi kama sisi. Baba alikuwa katika genge la kutengeneza njia ya reli huko juu Molo. Aliondoka kila Jumatatu, akarudi Jumamosi kwa gari la mizigo. Nywele zetu zilikuwa kazi ya Mama. Alitumia mkasi, na kila mara alituachia kiasi cha kupitisha kitana, kwa sababu kwetu wembe ni wa wafiwa. Mtu akifa, jamaa zake hunyolewa upara. Hata mimi, msichana wa miaka minane mwenye mdomo, nililijua hilo.

Lakini wiki ile tulikuwa na chawa. Mama alitupaka mafuta ya taa, chawa wakazidi kunawiri. Basi Jumamosi akatoa kigoda nje, akasema mila ingoje, akatunyoa watoto wanne kwa wembe. Mwisho akajinyoa mwenyewe kwa kupapasa. Nilimwambia tumekuwa kama mayai. Akanizaba kofi la kichwa, likalia vizuri kwa kuwa hapakuwa na nywele za kulizuia.

Jirani wa chumba cha mwisho akapita na ndoo ya maji. Mumewe alifanya kazi stesheni, ambako habari za ajali zilifika kabla ya kwingine kokote. Akatutazama: vipara vitano mlangoni, na Baba hayupo. Akatua ndoo, akashika kichwa kwa mikono miwili, akaangua kilio.

Kwetu mtu haendi msibani na maswali. Hulia kwanza, mengine baadaye. Yeye aliona vipara akadhani tumefiwa. Mama alimwona mke wa mtu wa stesheni akilia, akadhani ameletewa habari. Wembe ukamdondoka, akaanza kulia akimtaja Baba. Basi jirani naye akajua aliyekufa ni nani.

Haya nayaeleza leo. Siku ile sikuelewa hata chembe. Nilimvuta jirani nguo nikamwambia, "Mama, hakuna mtu amekufa. Hii ni chawa tu."

"Nyamaza, mtoto," akasema, akinikumbatia. "Baba yako ametuacha."

Nikakasirika. Kama Baba alikuwa amekufa, mbona Mama alitudanganya juu ya chawa? Lakini chawa niliwaona kwa macho yangu, wengine niliwapasua kwa kucha! Nikamwuliza Mama mwenyewe, hakunisikia. Watu wakajaa, mmoja na majani ya chai, mwingine na unga. Kila aliyeingia alilia, na kila kilio kilimpa Mama hakika zaidi. Nilisimama katikati yao nikitafuta mtu mmoja asiyelia nimwulize. Sikumpata. Basi nami nikalia, maana watu wazima wote hao hawangeweza kukosea, na nililia kwa uchungu wa kweli.

Saa kumi na moja jioni Baba akatokea na gunia la viazi begani. Akaona umati. Akaona vipara vyetu. Gunia likaanguka, viazi vikatawanyika, naye, kama mila inavyotaka, akalia kwanza. Alilia kwa sauti kuliko wote, akitushika vichwa mmoja mmoja, akituhesabu, akirudia kutuhesabu.

"Ni nani?" akasema hatimaye. "Niambieni ni nani!"

Kisha mzee mmoja akacheka, na kicheko kikaenea. Mimi sikucheka. Nilijificha nyuma ya mlango. Nilikuwa nimeshamlilia mtu huyu, na sasa aliniita nimsalimie, nami sikujua mtu husalimiwaje baada ya hapo. Nilimwogopa, tena nilimtaka.

Alipoelezwa mambo ya chawa, Baba akafuta uso, akavua kofia, akakaa kwenye kigoda. "Basi ninyoe na mimi," akamwambia Mama, "wasinihamie."

"Wewe hapana," akasema Mama.

Akatumbukiza vidole vyote kumi katika nywele za Baba zenye vumbi, mbele ya watu wote, akazishika hivyo mpaka wageni wakaanza kutazama chini.