Mbavu Kwenye Ngoma Yangu

Someni kwanza mpaka mwisho, ndiyo mnihukumu.

Mwaka 1984 mimi nilikuwa napiga ngoma yenye mbavu za mtu.

Sitanii. Ilikuwa Jumamosi jioni, ukumbini Bunda. Taa ya nyuma ya jukwaa ilipowashwa, mwanga ukapenya kwenye ile ngoma ndogo ya juu ya dramu yangu, na watu wa mbele wakaona kifua cha binadamu. Mbavu kabisa, na uti wa mgongo katikati.

Mama mmoja akapiga yowe. "Jamani, huyu mchawi!"

Wengine wakakimbilia mlangoni. Wengine wakashangilia, wakadhani ni mbwembwe za bendi. Mimi nikaendelea kupiga, maana mpiga dramu akisimama na bendi nzima imesimama.

Naitwa Masatu. Nilikuwa bendi ya kiwanda kimoja pale Musoma. Kwenye makaratasi niliandikwa karani wa stoo, ila stoo yenyewe nilikuwaga naingia siku ya mgao wa sukari tu. Kazi yangu ilikuwa kupiga.

Nyie mliozaliwa juzi hamwezi kujua ile hali. Sabuni foleni. Unga foleni. Ngozi ya plastiki ya dramu ikipasuka, ndiyo imetoka hiyo, hata uwe na hela hupati. Tulijaribu ngozi ya mbuzi. Ikipata unyevu wa ziwani inalegea, unapiga inasema pwa.

Ndipo Machage, mhudumu wa hospitali, akanipa akili.

"Masatu, si uchukue picha za eksirei? Za zamani zile tunatupaga."

Nikacheka. Halafu nikajaribu. Unailainisha kwa maji ya moto, unaikata duara, unaibana na pete ya chuma. Ikipoa inalia, we acha tu.

Machage akaniletea kama nane hivi. Nikaziweka chini ya kitanda, chumbani kwetu Nyasho.

Na mke wangu Ursula naye akaweka ya kwake palepale.

Ursula alikuwa anakohoa tangu masika. Hospitalini walimpiga picha, daktari akaona kitu kwenye pafu la kulia ambacho hakukielewa. Akaandika barua aende hospitali kubwa Mwanza, kwa daktari wa vifua, na aende na picha yake. Akamsisitizia aitunze, maana filamu za kupigia zilikuwa zimeisha kabisa.

Mimi nilijua habari za barua. Picha aliiweka wapi, sikuuliza.

Sasa wiki ile ya Bunda nilikata picha mbili. Moja ya ngoma yangu. Nyingine ya bongo, zile ngoma ndogo za kubana magotini, za mwanafunzi wangu Isidori.

Isidori alikuwa seremala wa Butiama. Kiumri alinizidi, ila aliniita mwalimu. Kila Jumatano nilikuwa naenda kufundisha kwaya ya kule, na yeye ndiye aliyekuwa na mkono.

"Mwalimu, huu wa kushoto unanigomea."

"Achana na mkono, Isidori. Mguu ndio unahesabu. Mguu ukitulia, mkono utafuata wenyewe."

Chumba chetu hakikuwa na dirisha la maana. Nilivuta picha moja nikakata, nikavuta nyingine nikakata. Vipande nikawashia jiko. Kuangalia jina la mtu? Hata wazo hilo sikuwa nalo.

Siku tatu kabla ya safari ya Mwanza, Ursula alipiga magoti anapekua chini ya kitanda.

"Baba Jeska, picha yangu umeiona?"

"Ipi?"

"Ya kifua. Niliiweka hapa, juu ya zako."

Juu ya zako.

Nikamwambia. Nikasema nilikata mbili, na nadhani yake nimeifunga kwenye ngoma. Nilijua atanipasua. Yeye akakaa sakafuni akaanza kucheka.

"Kumbe juzi mimi nilikuwa Bunda! Nimepigwa mbele za watu na nauli sijalipa!"

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika.

Alipotulia akauliza, "Si umesema ulikata mbili? Yangu ni ipi?"

Hapo ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Sikujua ni ipi. Nilifungua pete ya ngoma yangu, nikaikagua picha kwenye mwanga wa mlangoni. Haikuwa na jina, kingo zote nilishakata. Ya pili ilikuwa Butiama kwa Isidori, na wiki ile dizeli haikuwepo. Hata kwa miguu ningefika, kulala huko, kurudi. Ingewezekana. Lakini Bernado, kiongozi wa bendi, alikuwa ameshanifokea kwa kuomba ruhusa ya Mwanza, na mimi nilikuwa nimechoka.

"Ni hii," nikasema. "Mbavu zenyewe ndogondogo, za mwanamke hizi."

"Una uhakika?"

"Ninao."

Tukapanda lori la pamba mpaka Mwanza.

Daktari wa kule alikuwa mzee mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Akapokea ile picha ya duara, akaigeuzageuza.

"Hii nini, sahani?"

"Watoto walikata, daktari."

Hata hilo nilidanganya. Akasoma barua. Akainyoosha picha dirishani. Akasoma barua tena.

"Barua inasema kuna doa pafu la kulia. Mimi naona kifua kisafi. Na makohozi yake hayajaonyesha kitu." Akavua miwani. "Mzee, hii picha ni ya huyu mama?"

"Ndiyo."

"Una uhakika? Jina sioni. Na hapa filamu za kupigia hatuna, ningerudia."

Ursula akanitazama. Uso wake ulikuwa umeshaanza kufurahi.

Nikasema, "Nina uhakika, daktari."

Mnajua kwa nini? Aibu ilikuwepo, sikatai. Lakini zaidi nilifurahi. Kifua kisafi! Nani anakataa habari kama hiyo? Niliitaka iwe ya kwake, basi nikaifanya ya kwake.

Akatuandikia vitamini. Njiani kurudi lori likasimama Bunda, tukala ugali kwa sato, Ursula akamaliza sahani yake na nusu ya yangu. Nilikuwa sijamwona akila hivyo tangu masika.

Alikufa Novemba.

Mwishoni alikuwa anatema damu kwenye bakuli la bati, na mimi bado naambia watu kwamba Mwanza walisema kifua kisafi. Hata yeye alikuwa anawaambia. Tulimzika kwao Majita. Jeska, binti yetu, alikuwa na miaka sita.

Kwaya ya Butiama ilikuja kuimba. Isidori alipiga bongo zake kaburini kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na machozi yanamtoka. Mimi nilisimama pembeni. Sikulia. Watu wakasema Masatu amejikaza kiume. Hamna kujikaza pale, nilikuwa sisikii kitu, basi.

Nikarudi kazini. Nilipiga harusi, nilipiga sherehe za kiwanda, nilipiga Kiabakari, nilipiga Tarime. Bernado akanisifia.

"Siku hizi hukosei hata kidogo. Umekomaa."

"Asante," nikamjibu.

Miaka ikaenda namna hiyo. Ukiniuliza nilifanya nini kati ya mwaka themanini na tano na tisini na tano, nitakwambia nilipiga ngoma na nikamlea mtoto. Mengine sikumbuki.

Ikaja enzi ya ruksa. Mitumba ikajaa sokoni, sabuni za kila rangi, redio za kila aina. Kiwanda kikafungwa. Bendi nayo ikafa, kila mtu akaenda kivyake. Mimi nikawa nafundisha kwaya, na Jumamosi nakodiwa harusini.

Mwaka 1996 Isidori akaja Nyasho na bongo zake kwapani, anatabasamu.

"Mwalimu, nimetoka Mwanza. Nimepata ngozi za kweli, za dukani! Hebu nifungie, hii eksirei yako imechoka."

Nikachukua spana. Nikalegeza pete. Ile picha ikatoka na ukingo wake wa juu, ambao siku ile sikuukata, niliukunja ndani ili ishike vizuri.

Kwenye kunjo kulikuwa na maandishi meupe. URSULA. Na tarehe.

Nikaiinua kwenye mwanga. Doa lilikuwepo pafu la kulia, dogo, kama punje ya hindi. Hata mtu asiyesoma angeliona. Baadaye daktari mmoja aliniambia doa la namna ile lingetibika, na dawa zilikuwepo hata miaka ile.

"Mwalimu, vipi?" Isidori akauliza.

"Hamna kitu."

Nikamfungia ngozi zake mpya. Nikazikaza, nikamwambia ajaribu. Zililia vizuri. Akanishukuru, akaenda zake. Ile picha nikabaki nayo mapajani mpaka Jeska aliporudi kutoka sokoni.

Nilimweleza Jumapili iliyofuata, baada ya misa. Alikuwa na miaka kumi na nane. Alikuwa anamenya mihogo uani, na mimi nikaongea yote bila kupumzika, ya kitandani, ya Butiama, ya Mwanza.

Kisu kikasimama.

"Daktari alikuuliza kama una uhakika?"

"Aliniuliza."

"Na mama?"

"Na mama yako aliniuliza."

Nikasubiri atukane. Nikasubiri alie, labda na mimi ningeweza. Akaokota muhogo mwingine, akaendelea kumenya.

Leo ana watoto watatu, anaishi Bunda. Kila Jumapili ananipigia simu. Anauliza dawa za presha kama zipo, anauliza kama nimekula. Anafanya kila kitu ambacho mtoto anamfanyia mzazi, simlaumu hata kwa moja. Ila tangu siku ile ya mihogo hajaniita baba. Ananiita mzee.

Wengi mtaandika hapo chini kwamba ilikuwa hali ya nchi. Hapana. Dizeli kweli haikuwepo, na filamu za kupigia hazikuwepo. Lakini kusema "sina uhakika" hakukuhitaji foleni.

Kwa hiyo funzo langu ni hilo tu. Mtu akikuuliza kama una uhakika, na huna, mwambie huna, hata kama jibu lako litaharibu furaha ya watu wote waliopo pale. Mimi niliulizwa na watu wawili ndani ya wiki moja, na wote wawili niliwajibu vibaya.