Kompyuta Ilisema Droo, Simu Ikasema Tumeshindwa

Admin, ficha jina langu. Haya mengine usifiche: mimi ni mama wa miaka hamsini na moja, wa pande za Mikinduri, shule niliachia darasa la saba, na msichana wangu anaandika programu za kompyuta. Nimemsomesha na miraa na ndizi, kwa hivyo mniache nijisifu kidogo. Nitamwita Makena.

Juzi kulikuwa na mashindano ya kwaya, sisi na kanisa la Karurumo, mshindi aende kuimba kwa mkutano mkuu. Mkitoka droo mnaenda wote. Ni mimi nilimwambia pasta, "Wachana na kuhesabu maksi na kalamu, Makena atatengeneza." Akatengeneza mbili, moja ya kompyuta ya kanisa na ingine watu wafungue kwa simu. Pasta akasema maksi ziwe nambari nzima, hataki mambo ya pointi, watu watachanganyikiwa.

Tukaimba. Kompyuta ikaonyesha ukutani: sisi 82, Karurumo 82. Nilicheza mpaka kitambaa kikaanguka. Chai haijaisha, mama mmoja wa Karurumo akanifuata na simu.

"Mama Makena, hapa sisi tuko 83. Hiyo moja msichana wako alitukata ndio mamake aende?"

Makena akakagua. Kumbe wastani wa maksi za majaji ulikuwa sisi 81.5, wao 82.5. Hizo programu aliziandika kwa lugha mbili za kompyuta. Ile ya simu ikikuta nusu inapandisha tu. Ile ya kanisa inaenda kwa nambari shufwa iliyo karibu, ile inagawanyika kwa mbili, kwa hivyo yetu ikapanda 82, yao ikashuka 82. Hakujua zinatofautiana hapo. Na mimi nauliza, waliotengeneza hizo lugha, watu wenye akili hivyo, walishindwa kukaa chini wakubaliane nusu inaenda wapi? Wameniharibia mtoto jina.

Kwaya yangu nayo haina huruma. "Si wewe ndio mamake? Mwambie simu ifuate kompyuta. Zikilingana, nani ataongea?"

Nikampelekea hayo maneno, nisiwadanganye. Akanijibu pole pole, "Mum, kuzilinganisha naweza, upande wowote. Lakini 82.5 ni kubwa kuliko 81.5 kwa kila lugha."

Jumapili hii makanisa yote mawili yanakutana. Anataka kusimama mbele aseme kosa ni lake na Karurumo ndio walishinda. Anataka nisimame naye, ndio watu waone mamake hakumtuma.

Kwaya imeniambia nikisimama hapo, nirudishe sare. Nimeimba na hao wamama tangu Makena akinyonya. Walinizikia mzee wangu.

Nyinyi wazazi mko na watoto wamewashinda akili, niambieni bila kunionea haya: Jumapili nikae na kwaya, ama niende pale mbele na mtoto wangu?